KUNGOJA KWINGINE SI IMANI

Leo sitaandika mistari miwili ya kutia moyo halafu niwaache mwendelee na chai. Neno la leo ni refu, na litawachoma wengine, wakiwemo watumishi wenzangu. Kama una dada, mama, shangazi au jirani hapa Mugutha aliyetolewa titi au uvimbe wa titi siku za hivi karibuni, soma mpaka mwisho halafu umsomee na yeye.

Somo letu ni 2 Samweli 5, kuanzia mstari wa 17 hadi wa 25. Fungua usome mwenyewe, usiniamini mimi tu. Wafilisti walipanda kumtafuta Daudi. Akamwuliza Bwana, akaruhusiwa kwenda, akawapiga pale Baal-perasimu hadi wakaacha sanamu zao wakakimbia. Ushindi mkubwa. Hapo wengi wetu tungefunga Biblia, tupige vigelele na kutoa sadaka ya shukrani. Lakini shuka hadi mstari wa 22. Wafilisti walipanda TENA, wakajitandaza katika bonde lile lile. Na Daudi hakusema, "Hawa nilishawapiga, nimeshashuhudia mbele ya watu, siwezi kurudi vitani." Alimwuliza Bwana mara ya pili, na jibu la pili likawa tofauti na la kwanza: zunguka kwa nyuma, ngoja hadi usikie mwendo wa hatua juu ya miti ya miforsadi, na ukiusikia, fanya hima.

Maagizo ni mawili hapo, ngoja na fanya hima. Sisi walokole tunapenda sana la kwanza. Tuna nyimbo za kungoja, mafundisho ya kungoja, makesha ya kungoja. La pili tunaliruka kana kwamba limeandikwa kwa Kiyunani. Daudi angebaki pale chini ya miti akiimba baada ya sauti kusikika, asingekuwa anamngoja Bwana tena, angekuwa anamkaidi.

Sasa niwaambie kwa nini nimeanzia huko. Jumbe ninazopokea kutoka kwa kina mama wa eneo hili, kuanzia Ruiru hadi Thika, zinafanana mno. "Pastor, nilipasuliwa, kidonda kimekauka, daktari anataka nianze kemo wiki ijayo. Lakini mtumishi mmoja ameniambia Mungu alimaliza kazi siku ile ya upasuaji, nisiingize sumu katika hekalu la Roho Mtakatifu." Mwingine: "Mama mkwe anasema mwili wangu umechoka, nikae kwanza hadi mwaka mpya." Mwingine: "Tumekaa kama familia tukaona tungoje pesa za chama." Na wote humaliza kwa maneno yale yale: "Pastor, si kungoja ni imani?"

Hapana, mama. Kungoja kwingine si imani. Waswahili walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa ugonjwa huu huumiza zaidi ya tumbo.

Mimi si daktari. Lakini yale yanayosemwa kliniki kwa dakika tano, mama akiwa ameshtuka na hasikii nusu yake, naweza kuyarudia hapa polepole.

Daktari wa upasuaji huondoa kile anachokiona na kukigusa, yaani uvimbe, titi, tezi za kwapani. Kazi njema kabisa. Lakini saratani ya titi ina tabia ya kutuma wapelelezi mapema. Chembe chache hutoka kwenye uvimbe, zikapita kwenye damu au mishipa ya maji ya mwili, zikajificha kwenye mfupa, ini, mapafu. Ni ndogo sana, hakuna picha wala mashine inayoziona. Mama anaambiwa "picha zako ni safi," na ni kweli picha ni safi, lakini picha kuwa safi na mwili kuwa safi ni mambo mawili. Kemo hupita kwenye damu, na kwa hivyo hufika kule ambako kisu hakifiki. Upasuaji ni Baal-perasimu. Kemo ni vita vya pili katika bonde lile lile.

Hili si wazo la jana. Mwaka 1976 daktari Gianni Bonadonna wa Milan, Italia, alichapisha matokeo ya kina mama 386 waliokuwa wametolewa titi na saratani ikapatikana imefika kwenye tezi za kwapa. Kina mama 179 waliachwa na upasuaji peke yake. Wale 207 waliongezewa mchanganyiko wa dawa tatu. Baada ya miezi 27 hivi, saratani ilikuwa imerudi kwa 24 katika kila 100 upande wa kwanza, na kwa 5 hivi katika kila 100 upande wa pili. Mama mmoja asiyerudiwa na ugonjwa ni mtoto asiyebaki yatima, kwa hivyo ukisikia mtu akisema "hiyo kemo haisaidii, ni biashara," mwulize amesoma wapi.

Na je, ni lini? Hapa ndipo penye shida yetu. Kuna mapema kupita kiasi. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, wale askari wanaopigana na uchafu na kusaidia kidonda kufunga. Ukiianza kidonda kikiwa kibichi, unakaribisha usaha na kidonda kufumuka. Kwa hiyo daktari hungoja, mara nyingi wiki nne hivi hadi sita. Wakati huo majibu ya maabara yanatoka, moyo unapimwa kama dawa ya kwanza ni ile nyekundu ambayo mara nyingine huuchosha, damu inapimwa. Huko ndiko kungoja chini ya miforsadi. Ni halali, kuna sababu, na kuna mtu aliyesomea anayekuambia unangoja nini.

Halafu sauti inasikika. Kidonda kimefunga, mpira wa kutoa maji umetolewa, majibu yamefika, daktari amekupa tarehe. Hapo fanya hima.

Kwa sababu kuna kuchelewa kupita kiasi pia, na watu wamekuhesabu. Huko California, Marekani, watafiti walifuatilia rekodi za kina mama 24,843 waliopasuliwa saratani ya titi kisha wakapewa kemo. Matokeo yalichapishwa katika jarida la madaktari wa saratani la JAMA Oncology mwaka 2016. Walioanza kati ya siku ya 31 na ya 90 hawakuonekana kuwa na tofauti kubwa na walioanza ndani ya siku 30. Hapo pumua kidogo, dada yangu uliye wiki ya saba. Lakini walioanza siku ya 91 na kuendelea, hatari yao ya kufa iliongezeka kwa asilimia 34 ikilinganishwa na wale wa siku 30 za kwanza. Haimaanishi 34 katika kila 100 walikufa kwa kuchelewa. Maana yake hatari ambayo mama tayari alikuwa nayo iliongezwa theluthi nyingine juu yake, bure, kwa kalenda tu. Na kwa wale wenye ile aina madaktari huiita hasi-tatu, isiyo na vile vipokezi vitatu ambavyo vidonge vya homoni na sindano maalumu hulenga, hatari iliongezeka kwa asilimia 53.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2014, hospitali ya MD Anderson kule Houston ilikuwa imetoa matokeo ya wagonjwa wake 6,827. Wao waliona madhara mapema zaidi. Kwa kina mama waliokuwa hatua ya pili na ya tatu ya ugonjwa, na kwa wale wa hasi-tatu, kuvuka siku 60 tayari kulikuwa na gharama.

Najua atakayejibu, "Pastor, hao ni wazungu wa California, sisi ni watu wa Kiambu." Sawa, tuseme hivyo. Aina ya hasi-tatu, ile isiyosamehe kuchelewa, huonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika kuliko kwa wazungu. Na kina mama wetu wengi hufika hospitali uvimbe ukiwa umeshakuwa mkubwa, hatua ya tatu hata ya nne. Kwa hiyo ukichukua hesabu ya California ukaileta Mugutha, haitulegezei. Saratani ya titi ndiyo inayogunduliwa zaidi kwa wanawake wa Kenya. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya wa nchi hii karibu 6,800 kwa mwaka mmoja. Hesabu hiyo ina watu wa makanisa yetu ndani yake, na huko nyuma kwenye viti vya plastiki wapo wanaosikiliza mahubiri wakiwa wameficha karatasi ya kliniki ndani ya Biblia.

Sasa nirudi kwa yule mtumishi wa "Mungu amemaliza kazi."

Ndugu yangu, mimi naamini uponyaji kama wewe. Ninaweka mikono juu ya wagonjwa, ninapaka mafuta kama Yakobo sura ya 5 inavyoagiza, na nimemwona Mungu akifanya mambo. Lakini nionyeshe mahali Yesu alipomwogopa mkaguzi. Luka 17, wale wenye ukoma kumi, aliwaelekeza waende wakajionyeshe kwa makuhani, na kuhani wakati ule ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kumkagua mwenye ukoma na kumtangaza safi. Walitakasika wakiwa NJIANI kwenda kukaguliwa. Kama Mungu amemponya dada huyu, mwache aende kwa daktari wa saratani, ajionyeshe. Muujiza wa kweli hauogopi maabara. Unaoogopa maabara ni ule wa pale kwenye runinga, wa kupanda mbegu ya shilingi 310 na miguu kuoshwa maji yanayogeuka damu. Wakenya tulishaonyeshwa mwaka 2014 jinsi hayo yanavyopikwa, na bado kuna watu wanatuma.

Na hiyo hoja ya sumu. Ndiyo, kemo ni kali. Inaua chembe zinazokua haraka, na nywele hukua haraka, na utando wa mdomo na tumbo pia, ndiyo maana nywele zinaanguka na mdomo unakuwa na vidonda. Hakuna anayeficha hilo. Lakini hekalu la Sulemani lilijengwa kwa mawe yaliyochongwa. Mtumishi anayekataza sindano ya kemo kwa kulinda hekalu huku saratani imeshaingia patakatifu, analinda nini?

Elisha, mwenye sehemu maradufu ya roho ya Eliya, 2 Wafalme 13:14 inasema aliugua ugonjwa uliomwua. Aliugua akafa nabii mkuu. Kwa hiyo usimwambie dada yangu kwamba anahitaji hospitali kwa sababu imani yake ni haba. Lakini kaa hapo hapo, usome mistari mitano inayofuata. Mfalme Yoashi alikuja kumlilia. Mzee akamwambia achukue mishale, apige chini. Yoashi akapiga mara tatu akaacha. Mzee akakasirika! Kitandani pa mauti, alipata nguvu za kukasirika. Kwa sababu Yoashi angepiga mara tano au sita, angemmaliza adui, na sasa angemshinda mara tatu tu.

Wapo kina Yoashi wengi kwenye foleni ya kemo. Kozi ya kawaida baada ya upasuaji wa titi ni mizunguko minne, sita, au minane, mingi ya hiyo kila baada ya siku 21. Mzunguko wa kwanza unatapika, wa pili nywele zinaanguka, wa tatu kucha zinakuwa nyeusi, na hapo mtu anasema "nimepata nafuu, inatosha." Au nabii anasema inatosha. Anaacha mishale mkononi. Mwenye dawa amesema sita, wewe umepiga tatu, halafu adui akirudi tunafunga siku saba tukimwuliza Mungu kwa nini.

Tena tuwe wakweli kuhusu jambo ambalo sijasikia likisemwa kwenye madhabahu. USHUHUDA. Mama anatoka wodini Jumatano, Jumapili anasimamishwa mbele na bandeji bado kifuani, anapewa maikrofoni, anatangaza ameponywa saratani. Kanisa linalipuka, kinanda kinapigwa, video inakwenda mtandaoni. Wiki tano baadaye daktari anamwita kemo. Ataendaje? Akienda, ataonekana alidanganya. Nywele zikianguka, watu wataona. Kitambaa kichwani kitakuwa kama tangazo kwamba Mungu wa kanisa fulani alishindwa. Basi anakaa nyumbani kulinda jina la kanisa. Mnaelewa tunachokifanya? Tunamfunga mtu kwa maneno yake mwenyewe, halafu tunaita kamba hiyo imani. Makanisa yanayovuna ushuhuda mbichi yana deni mbele za Mungu.

Kwa hiyo katika madhabahu yetu msimamo ni huu. Ushuhuda wa saratani utapokewa baada ya dripu ya mwisho. Kabla ya hapo tutapokea maombi, na shukrani kwa kila hatua, na mama akitaka kusimama aseme "nimemaliza wa tatu, nimebakiza mitatu, niombeeni," atapigiwa vigelele kuliko mtu yeyote.

Wengine mmeshaanza kusema Pastor amepoa, amekuwa wa kidini tu. Wapendwa, tumeona mwisho wa njia ya kudharau tiba kwa jina la Yesu. Mwaka 2023 kule Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watu waliofundishwa kwamba hospitali na shule ni za shetani, kisha wakafundishwa kufunga hadi kufa. Haikuanza na makaburi. Ilianza na mahubiri ya "usiende hospitali" na watu wakasema amina. Na kabla ya hapo, mwaka 2011, magari kutoka Kenya yalipanga foleni ya maili na maili kuelekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500 za Tanzania. Mzee wa watu hakutajirika kwa bei hiyo, simtukani, naye ameshalala tangu 2021. Lakini wapo waliofia kwenye ile foleni, na wapo waliotupa dawa zao wakiwa wanarudi. Foleni ile haijaisha, imehamia kwenye simu. Leo kikombe kinauzwa mtandaoni kwa jina la unga wa majani, juisi ya kusafisha damu, mafuta ya kuyeyusha uvimbe, na mwuzaji anakuambia "tumia miezi mitatu kwanza kabla ya kemo." Hesabu mwenyewe miezi mitatu ni siku ngapi. Tisini. Mpaka chupa iishe, umevuka ule mstari wa California.

Ukiwa unatumia mitishamba yoyote, mwambie daktari. Usimfiche. Kuna inayogongana na dawa kwenye ini.

Lakini nisiwaangushie mzigo wote manabii na wauza majani, kwa maana ukweli ni kwamba wengi hawachelewi kwa sababu ya mafundisho mabaya. Wanachelewa kwa sababu ya pesa. Hata kule California waliochelewa zaidi walikuwa maskini, watu weusi, watu wa asili ya Amerika ya Kilatini, na wenye bima ya serikali. Mama wa Mugutha anayeuza mboga hachelewi kwa kupenda. Kwanza kuna sampuli. Titi likitolewa lazima lipelekwe maabara, na mara nyingine familia ndiyo inaambiwa ibebe chupa na ilipe. Sampuli ikikaa kwenye rafu kwa wiki tatu kwa sababu hakuna aliyelipa, majibu yanachelewa wiki tatu, na daktari hawezi kuchagua dawa bila majibu. Halafu vipimo vya moyo. Halafu idhini ya bima. Halafu nauli ya kwenda na kurudi na mtu wa kumshika mkono. Kila kimoja kinakula wiki, na hakuna hata kimoja kinachoitwa "kukataa matibabu." Kwa hiyo mama hajakataa kitu, na siku 91 zimepita.

Hapa nawageukia ninyi wazee wa kanisa, wenyeviti wa vikundi, kina baba wa kamati. Mtu akifa Jumatatu hapa kwetu, kufikia Jumatano grupu ya WhatsApp imefunguliwa, nambari ya M-Pesa imetoka, mweka hazina anaweka orodha kila jioni na majina yetu na kiasi, na tunaona haya jina letu likikosekana. Hema, jeneza, basi, chakula, picha kubwa ya marehemu. Ndani ya siku nne tunapata pesa ambazo zingelipa sampuli, vipimo, na nauli ya mizunguko yote sita. Kumbe pesa zipo. Tunazitoa kwa wafu kwa kasi na kwa walio hai kwa kikao. Mama akiomba msaada wa kemo tunasema "tutaleta kwa kamati," kamati inakutana mwisho wa mwezi, haikufika idadi, inasogezwa. Tukifika kumchangia, tunamchangia sanduku.

Mwanaume aliye mkristo asiseme "tungoje chama kigawe Desemba." Uza mbuzi. Kopa SACCO. Ng'ombe utapata mwingine. Na mume anayemkwepa mke wake tangu titi litolewe, analala sebuleni kama mgeni, huyo nina neno lake lakini nitampa ana kwa ana.

Kuhusu SHA. Ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Asiyejiandikisha ajiandikishe kwa kupiga *147#, na asiye na mshahara alipe mchango wa mwaka wote. Wa chini kabisa ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mfuko ulipoanza, matibabu ya saratani yaliwekewa shilingi 400,000 kwa familia kwa mwaka, na nyongeza ya 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu hizo zikiisha. Viwango hubadilishwa, kwa hiyo uliza dirisha la SHA hospitalini kabla hujapasuliwa, si baada. Omba idhini mapema. Tuna Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta hapo karibu na Kahawa, na Kenyatta yenyewe mjini. Sisi wa Thika Road hatuna kisingizio cha umbali walicho nacho ndugu zetu wa Mandera.

Siku unapotolewa wodini, uliza maswali haya kabla ya kuvaa viatu: Sampuli yangu imekwenda wapi na nani amelipa? Majibu ya vipokezi, ER, PR na HER2, yatatoka lini? Je, nahitaji kemo? Maana si wote wanaohitaji. Wapo ambao aina yao inatibiwa vizuri kwa vidonge vya homoni, na wapo waliopewa kemo kabla ya kisu. Kama naihitaji, tarehe ya mwisho ninayopaswa kuwa nimeanza ni ipi? Iandike. Ibandike kwenye friji au mlangoni, mahali mama mkwe ataiona.

Na wewe ambaye tayari umevuka. Umesoma habari ya siku 91 moyo ukaanguka, kwa sababu yako ni ya 120. Usikimbie. Hakuna aliyesema mlango hufungwa siku hiyo. Hesabu hizo zilikuwa za walioanza mapema dhidi ya walioanza kwa kuchelewa, si amri kwamba aliyechelewa asianze. Rudi kliniki kesho asubuhi, usingoje Jumatatu, umwambie daktari ukweli wa mahali ulipokuwa. Akikugombeza, vumilia, atakutibu pia. Daktari ndiye wa kuamua, si aibu yako.

Kwa wote walio kwenye kemo, kama mchungaji nawafungulia. Mwenye kemo HAFUNGI. Kanisa likitangaza siku 21 za maombi, wewe kula mayai, ndengu, matunda yaliyooshwa vizuri, na sisi tutafunga kwa niaba yako. Mwenye kemo haji kesha. Usisimame kwenye mstari wa kupeana mikono na watu mia mbili wakati chembe zako nyeupe ziko chini, kaa karibu na mlango, punga mkono, tutaelewa. Na joto la mwili likipanda kufikia 38, hata saa nane za usiku, usipige simu ya maombi kwanza. Enda hospitali, halafu unipigie ukiwa kwenye gari, nitaomba ninyi mkiwa njiani. Wale kumi walitakasika njiani.

Tangazo, kwa kuwa maneno bila meza ni kelele. Jumapili hii baada ya ibada ya pili kutakuwa na meza upande wa kushoto, karibu na darasa la watoto. Watakaokaa hapo ni wauguzi wawili wa ushirika wetu na mweka hazina. Kama umepasuliwa na hujaanza, au mama yako, au mpangaji mwenzako hata kama ni Mwislamu au hasali popote, leta karatasi ya hospitali, ile yenye tarehe ya upasuaji. Tutahesabu siku pamoja. Atakayekwama kwa sampuli, kipimo au nauli, atalipiwa kutoka kwenye sadaka ya asubuhi hiyo hiyo kabla kinanda hakijafunikwa. Kamati itapewa ripoti baadaye.

Wenye gari wanaoweza kumpeleka mtu kliniki Jumanne na Alhamisi, andikeni "nipo" hapa chini na saa mnazoweza.

Mchungaji wenu, Mugutha.